Kikonkani na Kisanskriti: Je, Lugha ya Wagoa ni Kisanskriti Kilichoharibika?

Wazee wa Eastleigh, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, wanawakumbuka majirani wao Wagoa, makarani wa Serikali na wa reli, waliokaa mtaani humo tangu zamani za ukoloni hata baada ya uhuru wa mwaka 1963. Kazini Mgoa alisema Kiingereza, sokoni Kiswahili, na nyumbani wazee walisema Kikonkani. Jirani yake Mhindu naye alisikia Kisanskriti katika sala na arusi. Lugha hizo mbili zina ujamaa, lakini watu wengi wameueleza vibaya ujamaa huo, wakidai kwamba Kikonkani ni Kisanskriti kilichoharibiwa na watu wasio na elimu. Dai hilo si kweli, nalo limeleta madhara.

Kwanza yafaa kujua Kisanskriti ni kitu gani. Maana ya jina hilo ni lugha iliyotengenezwa vizuri. Yapata miaka 2,400 iliyopita, mwanachuoni aitwaye Panini aliiwekea lugha hiyo kanuni zipatazo 4,000, na tangu hapo sarufi yake haikubadilika sana. Ikawa lugha ya makuhani, ya vitabu na ya elimu. Lakini mkulima, mvuvi na mchuuzi hawakungoja kanuni za mtu. Waliendelea kusema lugha zao za kila siku, zilizoitwa Prakriti, maana yake lugha za asili, na Kikonkani kimetokana na hizo.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu. Mtu wa Mombasa husema mato na ndia. Mtu wa Unguja husema macho na njia. Mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa yenyewe, ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Je, siku ile watu wa Mombasa walianza kuwa waharibifu wa Kiunguja? La. Lahaja hizo mbili ni ndugu, ila mmoja alipewa cheo. Vivyo hivyo Kisanskriti si mama mzazi wa Kikonkani hasa; ni kama mama mkubwa. Tena lugha za watu wa kawaida zimehifadhi mambo ambayo Kisanskriti kimeyapoteza. Katika Kipali, lugha ya vitabu vya Wabuddha iliyo jamaa ya Prakriti, "hapa" ni idha. Kisanskriti husema iha. Sauti ya dh ndiyo ya kale zaidi, na lugha iliyosafishwa ndiyo iliyoipoteza.

Hata hivyo mabadiliko ya Kikonkani ni makubwa, nayo yana utaratibu wake. Mahali ambapo Kisanskriti kiliunganisha konsonanti mbili zisizofanana, moja ilimezwa na mwenzake. Hasta, mkono, limekuwa hat. Dugdha, maziwa, limekuwa dud. Karna, sikio, limekuwa kan, na sapta, saba, limekuwa sat. Uharibifu hauna kanuni, lakini mambo haya yanayo. Neno laksha, mia elfu, lilipita njia hiyo hiyo likawa lakh katika lugha nyingi za Bara Hindi, na kutoka huko wafanya biashara wakalileta pwani ya Afrika, ndiyo laki yetu. Rupia pia ina asili ya Kisanskriti, nayo ilikuwa fedha halali ya Kenya mpaka mwaka 1920.

Jambo la kupendeza zaidi ni neno la maji. Mhindi asemaye Kihindi husema pani, na hata Kimarathi, jirani wa karibu wa Kikonkani, husema pani. Mgoa husema udok, nalo ni udaka la Kisanskriti karibu lilivyo. Hapo lugha iliyodharauliwa imeshika neno la kale kuliko wenzake wenye sifa.

Katika sarufi, Kisanskriti kina umoja, uwili na wingi. Kikonkani kimeuacha uwili. Lakini kimehifadhi jinsi zote tatu za majina, ya kiume, ya kike na isiyo ya kiume wala ya kike, ambapo Kihindi kimebaki na mbili tu. Ajabu ni kwamba msichana, cheddum, huwekwa katika jinsi hiyo ya tatu! Asicheke mtu, maana katika Kisanskriti liko neno moja la mke, dara, ambalo ni la kiume, tena la wingi.

Madhara ya kukidharau Kikonkani yalikuwa makubwa. Wareno waliteka Goa mwaka 1510, na mwaka 1684 mtawala wao akaamuru wenyeji waache lugha yao kwa muda wa miaka mitatu, waseme Kireno. Lugha haikufa. Ilichukua maneno ya Kireno kama Kiswahili kilivyofanya: meza ni mez, na kanisa, igreja kwa Kireno, ni igorz, neno lile lile lililotupatia gereza. Baada ya Wareno kuondolewa mwaka 1961 kulizuka hoja nyingine, kwamba Kikonkani ni lahaja tu ya Kimarathi, kwa hiyo Goa iunganishwe na Maharashtra. Watu walipiga kura tarehe 16 Januari 1967 wakakataa. Mwaka 1975 chuo cha fasihi cha Bara Hindi, Sahitya Akademi, kilikitambua Kikonkani kuwa lugha kamili, na mwaka 1992 kiliingizwa katika Katiba, katika orodha ambayo Kisanskriti kilikuwamo tangu mwanzo.

Wakati huo wazazi wengi wa Kigoa mjini Nairobi walikuwa wamekwisha kuwalea watoto wao kwa Kiingereza peke yake. Goa kwenyewe limebaki shauri la herufi. Sheria ya mwaka 1987 ilikipa Kikonkani cheo cha lugha ya Serikali kikiandikwa kwa Devanagari, herufi zitumiwazo sana kwa Kisanskriti. Wakatoliki wengi, wa jamii moja na wengi wa Wagoa waliokuja Kenya, huandika kwa herufi za Kirumi, ambazo Padre Thomas Stephens alizitumia katika kitabu cha mafundisho ya dini kilichopigwa chapa mwaka 1622. Herufi hizo hazikupewa cheo hicho, na wenyewe wangali wanazidai.