Siyo Wewe, Mdogo Wangu, ni Kivinjari Kimezeeka

"Dada, nipo Tingi, wilaya ya Nyasa. Nimemaliza kidato cha sita na najaza maombi kwa simu. Ukurasa unafunguka, lakini maandishi yanapandana, nembo inajaa skrini nzima, palipotakiwa kuwa na alama pana vibox vitupu, na kitufe cha kuendelea nikikibonyeza hakifanyi kitu. Rafiki yangu yuko Mbinga, anasema kwake ukurasa uko sawa. Bando limeisha, nimeanza kudhani mimi ndiye sijui. Au niombe nyumbani ninunuliwe simu mpya?"

Mdogo wangu, kahawa ya baba isiuzwe kwanza ili kununua simu. Umenipa dalili nzuri kuliko unavyodhani. Kwa rafiki yako ukurasa ni mzima, basi tovuti haijaharibika. Kwako unafunguka, basi mtandao unafika, hata kama unafika kwa kusuasua. Anayebaki kushukiwa zaidi ni mmoja: kivinjari cha simu yako, hicho unachofungulia kurasa.

Ukurasa wa wavuti hausafiri kama picha iliyokwisha kupigwa. Unakuja vipande vipande: maandishi, maelekezo ya mpangilio yanayoitwa CSS, programu ndogo za JavaScript, na fonti ya alama. Kuviunganisha ni kazi ya kivinjari. Ni kama kumpelekea fundi cherehani kitambaa na mchoro wa mshono. Asiyeujua mshono mpya atakushonea anachokijua, nguo ikupwaye mabegani.

CSS na JavaScript hazikosei kwa namna moja, na hapo ndipo dalili zako zinapoeleweka. Kivinjari kikikutana na agizo la CSS kisilolijua, huliruka kimyakimya na kuendelea. Kwa mfano, mpangilio wa safu na nguzo uitwao Grid uliingia Chrome mwaka 2017, toleo la 57. Kivinjari cha kabla ya hapo hakiujui, ndiyo maana vitu vinajipanga mstari mmoja kwenda chini au vinapandana. JavaScript haina uvumilivu huo. Neno moja la lugha mpya lisiloeleweka hugomesha faili zima. Ndiyo hicho kitufe chako: kinaonekana, unakibonyeza, kimya. Vile vibox vitupu ni fonti ya alama ambayo haikufika au haikukubaliwa.

Sasa unaelewa kwa nini matokeo ya mitihani ya NECTA hufunguka hata kwenye simu chakavu. Kurasa zile zimekuwa za maandishi na majedwali matupu, hazidai kivinjari cha jana asubuhi. Fomu za siku hizi za kupakia vyeti na picha zinadai. Usijilaumu kwa kushindwa hapa wakati matokeo uliyaona bila shida.

Tufanye kazi. Kanuni yangu ni moja: badilisha kitu kimoja, ujaribu, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo, hata ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Kwanza, fungua ukurasa upya ukiwa mahali mtandao umetulia. Huko kwenu kuna milima, na mnajua wenyewe simu inashika upande gani. Mtandao ukikatika katikati, faili la mpangilio linaweza lisifike, ukaona maandishi matupu bila sura. Hilo halihusiani na uzee wa kivinjari.

Pili, angalia uko wapi. Linki ukiibonyeza ndani ya Facebook, mara nyingi ukurasa hufunguka humohumo Facebook. Bonyeza nukta tatu, chagua kufungua kwenye kivinjari. Na kama unatumia Opera Mini kwa ajili ya kubana bando, hongera kwa kujua kubana, lakini si kwa fomu. Ikiwa kwenye hali ya kubana zaidi, ukurasa huandaliwa kwanza kwenye mitambo ya Opera, ndipo unaletewa ukiwa umepunguzwa. Habari utazisoma vizuri. Fomu yenye vitufe na kupakia vyeti itakusumbua.

Tatu, futa akiba ya kivinjari. Kwenye Chrome bonyeza nukta tatu, nenda Historia, kisha Futa data ya kuvinjari. Weka tiki kwenye picha na faili za akiba peke yake. Manenosiri uyaache yalivyo. Wakati mwingine simu imehifadhi kipande cha zamani cha ukurasa na inakichanganya na kipya.

Nne, tazama umri wa kivinjari. Nukta tatu, Mipangilio, halafu Kuhusu Chrome. Utaona namba ndefu yenye nukta. Wewe soma ile ya mwanzo. Kisha ingia Duka la Play, tafuta Chrome, uone kama kuna neno Sasisha. Likiwepo, sasisha. Simu ikilalamika haina nafasi, futa zile video za grupu la harusi, harusi yenyewe imeshapita.

Neno Sasisha lisipokuwepo, tazama toleo la Android kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu. Google hainyanyasi mtu, lakini haisubiri mtu pia. Android 7 iliishia Chrome 119. Android 8 na 9 ziliishia 138, mwaka 2025. Ukiona namba hizo, simu yako imefika mwisho wa njia kwa upande wa Chrome, na kubonyeza Play mara mia hakutasaidia. Hapo jaribu Firefox. Yenyewe ina injini yake, haitegemei ya Chrome, na iliendelea kuzipokea Android 8 na 9 hata baada ya Chrome kuziacha. Wengi tatizo lao hutatuliwa na hatua hii bila kununua chochote zaidi ya bando la kupakulia.

Kuna dalili nyingine ambayo hukuitaja, ila wenzako watakutana nayo: ujumbe kwamba muunganisho si wa faragha. Kabla ya kuogopa, tazama tarehe. Simu ya zamani ikitolewa betri huweza kuamka ikidhani ni miaka mingi nyuma. Cheti cha usalama cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na simu iliyopoteza tarehe hukikataa. Weka tarehe na saa zijirekebishe zenyewe. Kama tarehe ni sahihi na simu ni Android 7.0 kushuka chini, huenda haitambui vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure kwa tovuti nyingi. Cheti cha msingi cha zamani lilichokitegemea kilikwisha muda 30 Septemba 2021, na simu hizo hazikuwa na kile kipya. Zilisogezewa muda hadi 2024. Firefox hubeba orodha yake ya vyeti, ndiyo maana huweza kufungua pale Chrome inapokataa. Lakini usilazimishe kuingia ukurasa wenye onyo kisha ukaandika humo namba ya NIDA au nenosiri. Hilo nakukataza.

Nakukataza na lingine. Mtu akikutumia kwa WhatsApp faili la "Chrome mpya" la kusakinisha, usiliguse. Siri zako zote hupita ndani ya kivinjari. Chukua kwenye Duka la Play tu.

Simu ikigoma kabisa, nenda steshenari ukatumie kompyuta. Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, imerahisisha safari, hivyo usikate tamaa kama hapo kijijini hakuna. Ila usidhani kompyuta kwa kuwa ni kubwa basi ni mpya. Windows 7 ilikoma kuhudumiwa na Microsoft 14 Januari 2020, na Chrome yake iliishia toleo la 109 mwaka 2023. Ukiiona, omba wakufungulie kwa Firefox 115, toleo ambalo Mozilla iliendelea kulihudumia kwa ajili ya mashine hizo. Wakikufungulia Internet Explorer, sema asante utoke. Microsoft iliistaafisha 15 Juni 2022.

Hapo steshenari ndipo wadogo zangu wengi wanapoumia, na si kwa kivinjari. Kijana wa dukani ana haraka, foleni ni ndefu, anakufungulia akaunti kwa barua pepe yake, namba yake ya simu na nenosiri alilolichagua yeye. Mwezi mmoja baadaye unatakiwa kurekebisha jina, ujumbe wa uthibitisho unaenda kwake, na yeye ameshahamia Songea. Simama naye. Barua pepe iwe yako, namba iwe yako, nenosiri uliandike mwenyewe kwa mkono wako. Mwombe afungue kichupo fiche (Incognito). Ukimaliza, toka kwenye akaunti, kisha futeni cheti chako cha kuzaliwa na picha kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa. Hata kwenye simu, kama kitufe cha kulipia kiligoma, usianze upya na kulipa tena. Ingia kwanza uone kama namba ya malipo ilishatoka. Mara nyingine ombi lilifika, ni ukurasa tu ulioshindwa kukuonyesha.

Na ukikwama baada ya yote haya, piga picha ya skrini uwatumie wenye tovuti kupitia dawati lao la msaada. Usiandike "haifunguki" ukaishia hapo. Andika aina ya simu, toleo la Android, jina na namba ya kivinjari, ulibonyeza nini na ukaona nini. Mtu wa dawati akipata hayo anajua pa kuanzia. Akipata "haifunguki" atakujibu "jaribu tena".

Kwa hiyo jibu la swali lako: hapana, usinunue simu bado. Fuata hatua hizo hadi Firefox, kisha steshenari. Ikiwa simu ni Android 7 au chini ya hapo, anzeni kuweka akiba taratibu, na siku ya kununua ulizeni toleo la Android kabla ya kuuliza kamera.

Nanyi wengine mnaosoma, fungueni Kuhusu Chrome leo, wakati dirisha la maombi bado liko wazi. Siku ya mwisho kila mtu anaingia kwa mpigo, tovuti inakuwa nzito, na hutajua tena kama tatizo ni la kwako au la wote.