Cheo Kimekwenda kwa Mtu wa Bosi: Ufanye Nini?

Barua za kupandishwa vyeo zikitoka na jina lako halimo, siku mbili tatu zinazofuata ndizo wengi wanajiharibia. Mmoja anarusha dongo kwenye grupu la WhatsApp la ofisi: "Kampuni ya ukoo hii." Mwingine anaingia kwa meneja akiwa amefura. Wa tatu anaandika barua ya kuacha kazi akidhani atabembelezwa. Habembelezwi mtu. Dongo la kwenye grupu linageuzwa shauri la nidhamu, na anayeondoka kwa hasira anawapa nafasi wale wale waliotaka aondoke.

Tulia kwanza, kisha ukubali jambo moja chungu: katika sekta binafsi, undugu peke yake si kosa. Mwenye duka la vipuri Kariakoo akimfanya mwanawe meneja wa mauzo, hakuna sheria ya Tanzania inayomkataza. Duka ni lake. Na mwana huyo huenda kazi anaiweza. Ukienda kulalamika kwamba fulani amepewa cheo kwa sababu ni mpwa wa mkurugenzi, utajibiwa "ndiyo, na sifa anazo," na mazungumzo yameishia hapo. Mahali pa kushika ni utaratibu. Nafasi ilitangazwa lini? Vigezo vilikuwa vipi? Nani walikaa kwenye jopo, na kila mwombaji alipimwaje? Maswali haya yanatakiwa kuwa na majibu ya maandishi. Yakikosekana, huko kukosekana kwenyewe ni sehemu ya ushahidi wako.

Upendeleo wenye akili haufanywi siku ya usaili. Unaandaliwa mapema. Wakati mwingine ni tangazo lililoshonwa kama suti ya kupimwa: linataka mtu aliyepitia mafunzo fulani, na kumbe aliyepelekwa kwenye mafunzo hayo kampuni nzima ni mmoja. Njia ninayoiona mbaya zaidi, kwa kuwa kwa nje inaonekana safi, ni ya kukaimu. Tuseme msimamizi wa stoo amestaafu. Bosi anamweka shemejiye akaimu "kwa muda tu". Hakuna tangazo, maana si uteuzi rasmi. Miezi inakwenda, kaimu anasaini hati za kupokea mzigo, anakaa kwenye vikao vya wakuu wa idara, anapelekwa kozi. Nafasi inapotangazwa, kigezo cha kwanza ni uzoefu wa kusimamia stoo. Karani wa miaka minane, yule yule aliyemfundisha kaimu kusoma leja, uzoefu huo hana kwenye karatasi.

Kwa hiyo usingoje usaili. Siku kaimu anapoteuliwa, andika barua fupi ya heshima: nawe unaomba kufikiriwa, na ungependa kujua nafasi itajazwa lini na kwa utaratibu gani. Katika utumishi wa umma una pa kuegemea zaidi, kwa sababu Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinataka mtu asikaimu nafasi iliyo wazi zaidi ya miezi 6.

Kama cheo kimeshakwenda, barua yako iwe hivi:

"Rejea tangazo la ndani la nafasi ya Msimamizi wa Stoo. Nashukuru kwa kuitwa kwenye usaili. Ili nijue pa kujirekebisha, naomba kufahamishwa kwa maandishi vigezo vilivyotumika, alama nilizopata katika kila kigezo, na mahali nilipoonekana kupungukiwa. Naomba pia nakala ya sera ya kampuni kuhusu upandishaji vyeo."

Humo hamna jina la mtu wala tuhuma. Peleka nakala mbili kwa Meneja Rasilimali Watu, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo. Kama kazini kwenu kuna tawi la chama cha wafanyakazi, TUICO kwa mfano, mwone mwakilishi mapema. Yeye anaweza kuuliza kwa niaba ya wengi, na swali la wengi halimpi mtu sifa ya ukorofi. Nakala za barua ya ajira, tathmini za kila mwaka, barua za pongezi na vyeti vya mafunzo zikae nyumbani kwako, si kwenye droo ya ofisi. Ila usithubutu kupiga picha faili la mwenzako. Hapo utakuwa umebadilisha malalamiko yako kuwa kosa lako.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inapiga marufuku ubaguzi kazini, na kupandishwa cheo kumo ndani ya mambo yanayoguswa. Misingi iliyokatazwa ni pamoja na kabila au mahali atokako mtu, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mawazo ya kisiasa. Neno "undugu" halimo. Ndiyo maana ni muhimu uangalie upendeleo unaouona umefuata mkondo gani. Mpwa mmoja kupewa cheo ni jambo moja. Wasimamizi wote watano kutoka wilaya ya bosi, au wajawazito kurukwa kila mara, ni jambo lingine kabisa. Ukiweza kuonyesha dalili za kutosha za ubaguzi wa aina hiyo, mzigo unahamia kwa mwajiri: yeye ndiye athibitishe kwamba haukutokea, au kwamba uamuzi wake haukutokana na misingi hiyo. Kifungu hicho hicho kinamtaka mwajiri awe na mpango wa kukuza fursa sawa na kuusajili kwa Kamishna wa Kazi. Ulizia mpango huo kwenu uko wapi.

Malalamiko hayo yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza Fomu Namba 1 na kumpa mwajiri nakala. Tega sikio hapa: muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea (kwa kuachishwa kazi ni 30 tu), na vikao vya ndani visivyokwisha havisimamishi hesabu hiyo. Wapo waajiri wanaojua hivyo, wakakuambia "tunalishughulikia" mpaka muda ukapita, ukabaki kuomba kibali cha kufungua shauri nje ya muda. Usitarajie pia Tume ikukabidhi cheo. Mara nyingi cha maana unachoweza kupata kwenye usuluhishi ni usaili kurudiwa au makubaliano ya fidia.

Mtumishi wa umma njia yake ni nyingine: kwanza mwajiri, kisha rufaa au malalamiko kwa Tume ya Utumishi wa Umma, na sheria inamtaka amalize njia hizo kabla ya kwenda CMA. Kabla ya kulalamika, hakikisha kilichokukwamisha ni upendeleo kweli. Kupanda cheo serikalini kunategemea muundo wa utumishi wa kada yako, ikama na bajeti. Mwaka 2016 serikali ilisitisha upandishaji vyeo wakati wa uhakiki wa watumishi, na waliokwama wakati ule hawakurukwa na mtoto wa mtu. Tazama pia taarifa zako kwenye PEPMIS, mfumo wa tathmini uliochukua nafasi ya OPRAS. Asiyejaza majukumu yake humo ni vigumu kudai amepunjwa.

Cheo kikiuzwa, au kikiwekewa sharti la ngono, hilo si suala la rasilimali watu tena. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inayahesabu yote mawili kuwa makosa ya jinai, na inagusa pia matumizi mabaya ya madaraka. Piga TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015.

Wasomaji wa Kenya wana maneno makali zaidi upande wa serikali: Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 232, inataka ajira na vyeo vifuate ushindani wa haki na sifa, na Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja.

Na kama mwenye ndugu ni wewe? Ukiwa kwenye jopo na jina la mdogo wako limo kwenye orodha, tamka uhusiano huo kabla usaili haujaanza, uandikwe kwenye muhtasari wa kikao, kisha utoke nje ya chumba. Kukaa kimya pembeni ukidai hukumpa alama hakutoshi, kwa sababu wajumbe wenzako wanajua kwamba kesho wataomba saini yako. Na kama wewe ndiye mdogo mtu, uliyepita kwa alama zako mwenyewe, omba matokeo yabandikwe.