Kumnasihi Kijana wa Kigusii

Swali: Mnasihi anayehudumia vijana walio hatarini na familia maskini sehemu kama Itumbe, Kisii, nchini Kenya, azingatie nini?

Jibu: Kwanza chinsoni, kanuni za staha zinazotawala mazungumzo baina ya vizazi vya Abagusii. Baba na mwanawe aliyetahiriwa hawazungumzi mambo ya mapenzi. Kuwaketisha pamoja na kumuuliza kijana kuhusu msichana aliyempa mimba ni kuwafunga wote wawili midomo. Babu na nyanya, kinyume chake, hutaniana na wajukuu kwa uhuru. Kijana basi husikilizwa peke yake kwanza, na akiridhia, babu humfikishia baba ujumbe.

Ratiba nayo ina uzito. Mama anayeishi kwa kuchuma majani chai hupoteza ujira akiitwa asubuhi, na Jumamosi haifai kwa Waadventista wa Sabato, ambao ni wengi Kisii. Jumapili alasiri ni afadhali.

Staha ina mpaka. Ukeketaji umepigwa marufuku na sheria ya 2011. Hapo mnasihi hasuluhishi, huripoti, na namba 116 hupokea simu za watoto bila malipo.

Kwa Wagusii waliohamia Minnesota, Marekani, babu yuko ng'ambo na mtoto ndiye anayejua Kiingereza zaidi nyumbani. Kosa baya ni kumfanya huyo mtoto mkalimani wa kesi yake mwenyewe: mzazi huaibika, na mtoto huchuja maneno. Atafutwe mtu mzima anayejua Ekegusii, asiye jamaa wala muumini wa kanisa lao.