Nani Ameua Kuku Wako?

Ukikuta kuku wamekufa asubuhi, usifagie banda kwanza, wala usimlaumu mbwa wa jirani. Tazama.

Ubao uking'olewa, au shimo likichimbwa chini ya ukuta, na kuku wengi wameuawa pamoja, mshuku nyegere. Nguvu zake hushinda umbo lake. Wavu wa kuku haumzuii huyo: fukia mawe makubwa kuzunguka banda. Kanu hupanda, akapenya katika nafasi iliyo chini ya paa, izibe. Kifaranga akitoweka mchana bila damu, yaelekea ni mwewe. Mayai yakipasuliwa penye mawe, ni nguchiro: huyarusha nyuma kati ya miguu yake.

Usitege sumu, kwani mbwa na watoto huiokota. Ukiona nyayo usizozijua, zifunike kwa karai mvua isizifute, ukamwite Bwana Shamba.