Bosi ananishikia pasipoti, ananikata mshahara, na mama hajui

Shangazi,

Mimi ni mwalimu, nina miaka 27 na digrii ya ualimu, masomo yangu Kiingereza na Fasihi. Nilisubiri TSC, tume ya walimu ya Kenya, iniajiri huku nikifundisha kama mwalimu wa BOM, yaani anayelipwa na bodi ya shule, pesa zenyewe hazitoshi hata nauli. Mwaka jana rafiki yangu akaniunganisha na wakala wa walimu huku Thailand. Tiketi ya ndege nilikopa kwenye chama cha mama. Sasa nafundisha shule moja ya msingi nje kidogo ya Bangkok, ila anayenilipa ni wakala, si shule.

Bosi wangu ni mama Mthai anayesimamia walimu wa kigeni kwa niaba ya wakala. Tulianza vizuri. Mwezi wa Agosti alisema kikaoni kwamba darasa langu lina kelele. Nikamjibu pale pale mbele ya wenzangu kwamba watoto 45 hawawezi kujifunza kuzungumza wakiwa kimya. Tangu siku hiyo sina amani. Huingia darasani katikati ya kipindi na kunikaripia watoto wakitazama. Ujumbe kwenye programu ya Line huingia saa nne usiku, na nisipojibu naulizwa asubuhi. Nikichelewa dakika tano kwenye mashine ya alama za vidole, nakatwa baht 500. Mwezi uliopita mshahara wangu wa baht 23,000 ulifika 19,500 bila maelezo. Ameniagiza niwapitishe watoto waliopata sufuri. Tena ameniambia wazazi wakiuliza niseme natoka Afrika Kusini.

Pasipoti yangu aliichukua Oktoba, akasema ni ya kushughulikia viza. Sasa ni Januari. Nikiuliza, jibu ni moja: iko salama.

Mkataba unaisha mwisho wa Machi, lakini nataka kufunga virago usiku niondoke. Mwenzangu amenitumia tangazo la kazi ya kufundisha Kiingereza karibu na mpaka wa Myanmar, mshahara mara mbili, ingawa jina la shule halijatajwa. Mama hajui lolote. Anadhani nimefika peponi. Nifanyeje?

Mwalimu, Nonthaburi

JIBU

Mwanangu, uliyoniandikia ni mengi na hayana uzito mmoja. Uchovu umeyachanganya, ukayaona yote kuwa ukali wa mtu mmoja. Nitaanza na lile uliloligusa kwa sentensi moja tu.

Hiyo kazi ya mpakani usiende. Mto Moei ndio unaotenganisha mji wa Mae Sot wa Thailand na Myawaddy ya Myanmar. Ng'ambo hiyo ndiko walikofungiwa vijana wetu walioondoka Nairobi wakiahidiwa kazi nzuri Thailand. Walijikuta ndani ya majengo yenye kuta na walinzi, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Serikali ya Kenya ilitoa onyo mwaka 2022, na mwaka 2025 bado Wakenya walikuwa wakiokolewa huko. Mwalimu anaahidiwa mshahara mara mbili katika shule isiyo na jina: huo ni mtego. Mwenzako aliyekutumia tangazo huenda naye hajui. Mwambie leo.

Sasa pasipoti. Kwa mengine nitakuomba subira, kwa hili sikuombi hata kidogo. Kuongeza muda wa viza ya kazi hakuhitaji pasipoti ikae kwa mtu miezi mitatu. Amri ya Thailand ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa kigeni inamkataza mtu kukushikilia hati zako za utambulisho au kibali chako cha kazi, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miezi sita. Hiyo ni sheria ya nchi ya bosi wako mwenyewe. Hati yenyewe ni mali ya Serikali ya Kenya, wewe ndiwe uliyekabidhiwa.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni kile kilichomo ndani ya pasipoti usichokiona. Hujui muhuri wa viza unasema nini. Kama muda haukuongezwa, unadaiwa faini ya baht 500 kwa kila siku iliyozidi, hadi baht 20,000, na atakayeulizwa na maofisa wa Uhamiaji ni wewe, si wakala. Pia barua yako haitaji kibali cha kazi popote. Viza ni kitu kimoja na kibali cha kazi ni kingine, na bila kibali hufai kusimama mbele ya darasa. Je, umewahi kukiona? Kina jina la mwajiri gani?

Basi andika ujumbe wa Line, mfupi na wa adabu, ili maandishi yabaki. Mwambie unahitaji pasipoti kufikia Jumatano kwa sababu unajiandikisha kwenye Ubalozi wa Kenya, na kwamba unaomba pia nakala ya kibali chako cha kazi. Sababu hiyo si uongo, kwa kuwa kujiandikisha ubalozini ni jambo ulilopaswa kulifanya ulipofika. Neno ubalozi litamfikia bila wewe kuinua sauti. Siku ikipita bila jibu, piga simu ubalozini Bangkok uwaeleze ulivyonieleza mimi. Usitangulie kugombana naye kuhusu pesa, usitishie polisi, mpaka kitabu kiwe mkononi mwako.

Ukishakipata, zungumza habari za mshahara, na uzungumze kwa hesabu. Sheria ya Thailand ya Ulinzi wa Kazi ya 1998 imeorodhesha makato anayoruhusiwa mwajiri: kodi, mambo mengine ambayo sheria inayataja, na baadhi ya madeni uliyoyaridhia. Faini ya kuchelewa haimo. Mshahara wako wa baht 23,000 ukigawanywa kwa siku 30, kila siku ni kama baht 767. Ukigawanya tena kwa saa 8, saa moja ni kama 96. Dakika tano basi ni baht 8. Mwajiri ana haki ya kutokulipa muda ambao hukufanya kazi, lakini amekukata zaidi ya mara sitini ya thamani yake. Kuhusu zile baht 3,500 zilizopotea, huenda ndani yake mna mchango wa hifadhi ya jamii, ambao ni halali. Hata huo ni asilimia 5, na una kikomo. Asilimia 5 nzima ya mshahara wako ingekuwa 1,150. Zilizobaki zaidi ya 2,300 ni zako mpaka akuonyeshe kwa maandishi zimekwenda wapi.

Omba hati ya malipo ya kila mwezi tangu uanze. Piga picha kila ujumbe, kila saa ya kuingia na kutoka, na mkataba wako wote, kisha zitume mahali ambapo simu ikipotea hazipotei. Akikataa kulipa, kila mkoa una ofisi ya Idara ya Ustawi na Ulinzi wa Kazi, na Nonthaburi imo. Malalamiko hupelekwa bila ada, na mkaguzi amewekewa siku 60 kuchunguza na kutoa uamuzi. Uraia wako haukuondolei haki hiyo. Ila sikiliza: kama umegundua kwamba huna kibali cha kazi, pita ubalozini kwanza kabla ya kwenda kwa mkaguzi, maana hapo na wewe una la kujibu na hufai kulijibu peke yako.

Nimekwenda kwa sheria mpaka hapa kwa sababu pasipoti na mshahara ni haki, havihitaji upendo wa mtu. Yule mama mwenyewe ni jambo la namna nyingine.

Unafanya kazi katika nchi ambayo watoto hujipanga mistari saa mbili asubuhi bendera ikipanda, na mwanafunzi hupita mbele ya mwalimu ameunganisha viganja na kuinamisha kichwa. Ngazi za umri na cheo zinashikwa kwa makini, na mkubwa hasahihishwi hadharani na mdogo wake. Hoja yako kikaoni ilikuwa sahihi kabisa. Lugha hufundishwa kwa kusemwa, na watoto 45 wakisema watasikika mpaka barabarani. Lakini mahali ulipoisemea palimvunjia heshima mbele ya watu anaowaongoza. Hili si geni kwetu. Mtu wa pwani akikosana na mkwewe hamkabili barazani, hutuma mtu mzima mwenye maneno ya kiasi. Nawe tafuta mtu huyo. Walimu wengi wa kigeni huko hufanya kazi bega kwa bega na mwalimu wa Kithai. Mwombe wako akutangulie, kisha mwende pamoja, faraghani, baada ya masomo. Sema: "Siku ile nilikujibu mbele ya watu. Haikuwa adabu, naomba radhi." Ishia hapo. Usiongeze "lakini." Hoja ya kelele usiirudishe siku hiyo.

Irudishe wiki inayofuata, kwa karatasi. Mwandikie mpango wa somo unaoonyesha dakika 20 za mwanzo ni za kusoma na kuandika, na dakika 15 za kati ni za mazungumzo ya wawili wawili, ili ajue kelele inakuja saa ngapi na inaisha saa ngapi. Mkaribishe aketi nyuma ya darasa asikie watoto wakiulizana na kujibizana. Naye ana watu juu yake, yaani shule inayomlipa wakala na wazazi wanaotaka kuona faida ya ada yao. Anapoogopa, anakushukia wewe. Hilo halimpi ruhusa ya kukukaripia mbele ya watoto, na akirudia, usibishane pale. Mwambie kwa sauti ya chini kwamba utamwona saa ya mapumziko, endelea kufundisha, na jioni andika tarehe na maneno aliyosema. Ujumbe wa saa nne usiku ujibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kila siku, kwa salamu nzuri. Watu huzoea saa tunazowazoeza.

Kuhusu alama, najua roho ya mwalimu wa Kenya inavyouma kumpitisha mtoto wa sufuri. Huko ndivyo shule nyingi zinavyoendeshwa: aliyepata sufuri hupewa kazi ya marudio au mtihani mwingine hadi apite, na kumrudisha mtoto darasa ni nadra. Hujaajiriwa kuubadilisha mfumo huo. Wape marudio ya kweli, hata kama ni maswali kumi, tunza alama halisi katika daftari lako, na kama yapo mabadiliko yasiyo na marudio, yasainiwe na aliyeyataka.

Lakini la kukana kwenu, kataa. Baadhi ya wazazi na shule huwaona Waafrika Kusini kuwa wazungumzaji asilia wa Kiingereza, na Wakenya kuwa si hivyo, ndiyo maana amekuchagulia nchi hiyo. Uongo huo ukifichuka, ni wewe utakayeitwa mwongo, na pasipoti imeandikwa Kenya. Kiingereza ni lugha rasmi katika Katiba yetu ya 2010, umesomeshwa kwacho, na umekisomea digrii ya kukifundisha. Mzazi akiuliza, mwambie unatoka Kenya, kwa tabasamu. Watoto nao wafundishe kutumia wakati uliopita kwa habari za Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 chini ya saa mbili mjini Vienna mwaka 2019. Hawatakusahau.

Kuondoka utaondoka, ila mwisho wa Machi na kwa mlango wa mbele. Ruhusa yako ya kukaa Thailand imefungwa kwenye kazi hiyo, na siku kazi inapokoma, nayo inakoma. Uhamiaji waweza kukupa siku 7 za kujipanga kwa ada ya baht 1,900, basi. Ukitoroka usiku bila pasipoti, utakuwa umemkimbia bosi na kujipeleka kwenye makosa ya viza, na mwajiri anayefuata hataweza kukuhamisha bila karatasi za kufungia kazi ya kwanza. Mwaka wa shule huko huanza katikati ya Mei, kwa hiyo nafasi zinafunguka kuanzia Februari. Tafuta shule inayoajiri yenyewe, isiyopitia wakala. Digrii yako ni ya ualimu, na wengi wanaofundisha huko wana digrii za mambo mengine, wanategemea vibali vya muda vya Khurusapha, Baraza la Walimu la Thailand. Hiyo ni nguvu yako unapojadili mshahara, itumie. Kabla ya siku ya mwisho dai barua ya utumishi, hati ya kufuta kibali, na mshahara wa mwezi wa mwisho.

Mama mwambie jioni hii. Chama kinahesabu marejesho yako, naye akijua ukweli ataweza kuwaomba wenzake miezi miwili ya nafasi kabla hujachelewa kulipa. Muhimu zaidi, lazima awepo mtu mmoja Kenya anayejua jina la wakala wako, anwani ya shule, nambari ya pasipoti na mahali unapolala. Kama simu yako ikinyamaza siku tatu, huyo ndiye atakayeuliza.

Andika ule ujumbe wa pasipoti kabla hujalala, kisha niandikie Alhamisi unijulishe alichojibu.