Kuifuata Njia ya Reli Iliyokufa



Ikiwa unaishi Shinyanga, bila shaka unaijua reli. Inatoka Tabora, inapita Isaka, Shinyanga na Malampaka, inakwenda hadi Mwanza. Ilifika Mwanza mwaka 1928. Tangu wakati huo imebeba pamba, ng'ombe, nafaka na watu. Wenzetu wa Geita huivukia ziwa, wakaikuta Mwanza.

Lakini nchi yetu ina reli nyingine ambazo zilikufa. Vyuma viling'olewa. Stesheni zilifungwa. Mashamba na vichaka vikafunika njia. Hata hivyo, ardhi haikusahau. Mtu anayejua kutazama ataiona njia hiyo, kama wewe sasa unavyoona maneno mahali ambapo zamani uliona wino tu.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: kwa nini reli hufa, jinsi ya kuitambua njia yake, na faida ya kuijua.

Kwa nini reli hufa?

Mfano wa kwanza uko jirani, Singida. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilijengwa reli kutoka Manyoni kwenda Singida na mbele yake. Mizigo ilikuwa michache. Katika miaka ya 1940 reli hiyo ilifungwa, na vyuma vikang'olewa. Miaka mingi baadaye, baada ya Uhuru, reli ya kwenda Singida ilijengwa tena.

Mfano wa pili uko kusini. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika. Mashamba yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni 3. Ili karanga za Nachingwea zifike baharini, walijenga reli na bandari ya Mtwara. Lakini mvua zilikuwa haba, udongo ulikuwa mgumu wakati wa kiangazi, na mashine ziliharibika. Mpango ukaachwa mwaka 1951, baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30. Reli ilibaki bila mizigo ya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na kung'olewa.

Sasa tazama Mpanda. Reli ya kutoka Kaliua kwenda Mpanda ilifunguliwa mwaka 1950, kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Reli haikufa. Kwa nini? Kwa sababu watu wa huko walikuwa wameanza kuitumia kwa safari zao na mazao yao.

Hapa tunapata fundisho. Reli inayotegemea zao moja au mgodi mmoja iko hatarini. Reli yenye mizigo ya watu wengi huishi. Sisi wa nchi ya dhahabu na almasi tulifikirie jambo hili. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na uchimbaji mkubwa ukarudi mwaka 2000. Madini huja na kuondoka. Watu hubaki.

Alama za njia ya zamani

1. Tuta. Katika mbuga yenye udongo mweusi, reli haiwezi kulala chini. Maji ya masika yangeizamisha. Kwa hiyo wajenzi waliinua tuta refu la udongo. Tuta hubaki hata vyuma vikiondoka.

2. Kilima kilichokatwa. Magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi. Treni haipandi mlima mkali kama gari. Kwa kawaida njia haipandi zaidi ya mita 2 katika kila mita 100. Ilipokutana na kilima, ilizunguka, au kilima kilikatwa.

3. Kona pana. Njia ya miguu hukata kona ghafla. Reli hupinda polepole sana. Ukiona tuta linalonyooka kwa mbali, kisha linapinda kidogo kidogo, huenda ni reli.

4. Mashimo marefu kando ya tuta. Humo ndimo udongo wa tuta ulimochimbwa. Mengine hushika maji ya mvua kama lambo.

5. Daraja na kalavati. Tafuta kuta za mawe au zege kwenye vijito, hata kama juu hakuna kitu.

6. Kokoto na mataruma. Mawe yaliyopondwa, ya ukubwa mmoja, yakiwa katikati ya udongo laini, yaliletwa na watu. Taruma la chuma au mbao huweza kuwa limezikwa karibu.

7. Stesheni. Injini za zamani ziliendeshwa kwa mvuke, nazo zilihitaji maji mara kwa mara. Tafuta msingi wa tangi la maji, kisima, jukwaa la abiria, au nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja.

Alama moja haitoshi. Tuta peke yake laweza kuwa barabara ya zamani au kinga maji ya shambani. Ukipata alama tatu au nne katika mstari mmoja, hapo unaweza kusema: reli ilipita hapa.

Waulize pia wazee. Mzee atajua mahali treni iliposimama, na nani alifanya kazi ya kushindilia kokoto. Andika maneno yake pamoja na tarehe. Kisha linganisha na ramani ya wilaya. Mwenye simu kubwa anaweza kutazama picha zilizopigwa kutoka angani. Mstari usioonekana ukiwa shambani huonekana vizuri kutoka juu.

Faida ya kuijua njia hiyo

Kwanza ni maji. Tuta la zamani huzuia maji kama ukuta. Kalavati ikiziba, maji hurudi katika mashamba na nyumba. Kijiji kinachojua kalavati zilipo kitazizibua kabla ya masika.

Pili ni ardhi. Reli huwa na eneo lake la hifadhi kila upande. Mtu asilime wala kujenga kwa kudhani kuwa eneo halina mwenyewe. Kumbuka ya Singida: reli iliyokufa yaweza kufufuka. Hapa kwetu pia, mwaka 2021 kazi ya kujenga reli mpya ya kisasa kati ya Isaka na Mwanza ilizinduliwa. Ulizeni halmashauri ya kijiji na afisa ardhi wa wilaya kabla ya kugawa ardhi.

Tatu ni mali ya umma. Vyuma na mataruma yaliyobaki si vyuma chakavu vya kuuza. Kuving'oa ni kosa, na katika reli inayotumika kunaweza kuua watu.

Kazi ya darasa

Nendeni pamoja mkaitazame reli iliyo hai. Simameni mbali, pasipo hatari. Msitembee juu ya reli. Tafuteni tuta, kokoto, mataruma na kalavati. Chora ulichoona, na uandike jina la kila kitu. Ukishaijua reli iliyo hai, utaitambua iliyokufa.

Maswali

1. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka gani?
2. Kwa nini reli ya Nachingwea ilikufa, na ya Mpanda haikufa?
3. Kwa nini reli haipandi mlima mkali?
4. Taja alama nne za njia ya reli ya zamani.
5. Upana kati ya vyuma viwili vya reli ya zamani ni sentimita 100. Wa reli mpya ni sentimita 143 na nusu. Reli mpya imezidi kwa sentimita ngapi?
6. Mgodi ulio karibu nanyi ukifungwa, ni barabara gani au kisima gani mngependa kibaki kikitumika? Nani atakitunza? Jadilianeni.

Maneno ya kujifunza

Taruma: kipande cha mbao, chuma au zege kinachobeba vyuma vya reli.
Kalavati: njia ya maji inayopita chini ya tuta au barabara.
Hifadhi ya reli: ardhi iliyotengwa kando ya reli kwa matumizi ya reli.