Kuzuia Programu Isimalize Kumbukumbu ya Kompyuta

Swali: Kompyuta ina RAM ya gigabaiti 4, na gigabaiti 1.5 zinatumiwa na mfumo endeshi. Juma ameandika programu ya Python ya kutafuta wastani wa alama zilizo kwenye faili la gigabaiti 3. Programu yake husoma faili lote kwa mkupuo mmoja na kuweka mistari yote kwenye orodha. Eleza kitakachotokea na namna ya kukizuia. (Alama 6)

Jibu: Nafasi iliyobaki ni 4 − 1.5 = gigabaiti 2.5, hivyo faili halitoshei. Tena, mstari ukishaingia kwenye orodha ya Python huchukua nafasi kubwa kuliko ule uliomo kwenye faili. Mfumo endeshi utaanza kuhamishia baadhi ya data kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno kuliko RAM, na kompyuta itakwama. Nafasi ya diski nayo ikijaa, Linux huchagua programu ya kukatisha, na huenda isiwe ile yenye kosa. Nimewahi kumwona mwanafunzi akipoteza ripoti ya mradi aliyokuwa hajaihifadhi kwa sababu ya programu ya mistari minne tu.

Kinga ya kwanza ni kusoma mstari mmoja, kuutumia, kisha kuuachia. Wastani unahitaji vigeu viwili tu: jumla na idadi. Hata faili likifika gigabaiti 30, vigeu hubaki viwili.

Kinga ya pili ni kuweka kikomo. Kwenye Linux, kabla ya kuendesha programu, andika ulimit -v 1048576. Namba hiyo ni kilobaiti, sawa na gigabaiti 1. Programu ikizidisha hapo, Python hutoa kosa la MemoryError na programu hiyo peke yake husimama, nyingine huendelea.

Watahiniwa wengi huandika “aongeze RAM” na kuishia hapo. Si kosa, lakini haligusi chanzo: faili la kesho laweza kuwa kubwa zaidi. Anza na kurekebisha programu.

Jaribu: Juma sasa anataka alama iliyo katikati baada ya alama zote kupangwa kwa ukubwa. Je, vigeu viwili vitatosha? Ni vingapi vitamtosha bila kuhifadhi faili lote? (Dokezo: kila alama ni namba kamili kuanzia 0 hadi 100.)